Kusajili Ng'ala

Kwa miaka mingi nilifundisha Kiswahili katika shule ya msingi hapa Sumbawanga, na kama kuna kazi niliyoifanya kwa bidii kuliko kusahihisha insha, ni kupigana na herufi L. Hata Ziwa Rukwa lenyewe wazee wa Ufipa wanaliita Lukwa. Mimi, niliyepangiwa kazi huku kutoka Mbeya nikiwa na sanduku la bati na godoro, niliona nimetumwa kuwaletea R. Nilitunga hata zoezi langu mwenyewe: "Lori lililolala Laela limerudi Rukwa." Darasa zima lilisimama kulisema, na aliyesema "limeludi" alibaki amesimama mpaka kengele. Sikuwahi kuwaambia kwamba mimi mwenyewe nikikasirika Z inanitoroka, na "uzembe" unatoka mdomoni "usembe." Nyani haoni kundule.

Kisha nikaoa Mfipa, na L yake nikaioa.

Nilipostaafu, mke wangu alikwenda semina ya siku tatu kwenye ukumbi wa parokia kujifunza kutengeneza sabuni ya maji. Alirudi na daftari lililojaa vipimo vya chumvi, soda na madawa mengine ambayo mimi hadi leo siyajui. Aliikoroga kwenye pipa la buluu nyuma ya nyumba kwa mwiko mrefu, upande mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Ukigeuza mkono, anasema, sabuni inakatika na kuwa maji. Siku ya kwanza aliijaribu kwenye sufuria iliyopikiwa ugali wa ulezi ikaachwa mpaka asubuhi, na kila mwanamke wa huku anajua sufuria hiyo ni mtihani gani. Ilitakata bila kukwanguliwa kwa kijiko. Baada ya sala za jumuiya kina mama wakaanza kumfuata nyumbani na chupa tupu, baadaye tukajenga kibanda mbele ya nyumba.

Mchango wangu mimi ulikuwa jina. Nilikaa mezani, nikafikiri muda wa kuivisha chai, nikaandika: NG'ARA. Nikaipeleka stationari ikachapwa lebo zenye nyota tatu. Kwa kazi hiyo nilijiona mwanzilishi wa kampuni, na wageni wakija niliwaambia "sabuni yangu" bila haya yoyote.

Tatizo likawa kwamba mke wangu aliiita Ng'ala. Mteja anauliza inaitwaje, yeye anajibu, nami kutoka kwenye benchi langu namsahihisha: "Ng'a-ra, mama. Ulimi juu kidogo." Wateja wanacheka, nami najiona nimechangamsha biashara. Nilifanya hivyo kwa muda mrefu. Naona aibu kuandika ni muda gani.

Halafu siku moja akaja mama mmoja, mteja wetu wa zamani, na chupa iliyonunuliwa kule Chala. Lebo ilikuwa yetu, nyota tatu na kila kitu, ila imetolewa kopi mpaka ikafifia. Ndani mlikuwa na kitu chekundu kilichonuka kama betri. Yule mama alikuwa na malengelenge viganjani. Aliuliza kwa upole, "Mama, siku hizi mmebadilisha dawa?"

Mke wangu alishika ile mikono akaigeuzageuza. Mteja alipoondoka, aliingia ndani na kukaa kitandani na viatu vyake. "Watasema ni mimi," aliniambia. "Nimewachubua wenzangu." Sijamwona akilia kwa ajili ya sabuni kabla au baada ya siku hiyo.

Mimi nikavimba. Nilitangaza kwamba jina nitalilinda kisheria. Nilikuwa nimesikia redioni kwamba alama ya biashara ikisajiliwa, mtu mwingine akiitumia unaweza kumshitaki, na kwamba siku hizi maombi hufanywa kwa mtandao. Nikavaa koti la harusi za watu, nikaenda stationari.

Binti wa stationari aliinuka. "Shikamoo mwalimu." Nilimfundisha darasa la nne, ni mmoja wa waliobaki wamesimama. Alinifungulia maombi kwenye kompyuta, akaweka sabuni kwenye kundi linalostahili, akauliza mwenye alama ni nani. Nikataja jina langu, yote matatu, nikamsisitizia asikosee herufi.

Nilisubiri nikiwa na hakika. Jibu likaja: ombi limekataliwa. Neno "ng'ara," waliandika, ni neno la kawaida linaloeleza sifa ya bidhaa. Sabuni yoyote inang'arisha, na hakuna mtu mmoja anayeweza kulimiliki. Niliisoma barua mara mbili nikitafuta kosa la sarufi. Halikuwepo. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa ameambiwa na ofisi ya serikali kwamba Kiswahili ni cha watu wote.

Nilijifungia na daftari nikitafuta jina jipya. Nilipata Mfalme wa Povu. Nilipata Adui wa Masizi. Nilipata Tumaini la Sufuria, ambalo usiku lilionekana zuri na asubuhi likanitia kichefuchefu. Nilipomsomea mke wangu orodha, alisema yote ni mazuri, akaendelea kukoroga. Leo najua mke wangu akisema yote ni mazuri maana yake ni nini.

Nikarudi stationari na majina saba. Yule binti aliyasoma akiwa amebana midomo.

"Mwalimu, haya siyajui hata moja. Sisi huku sokoni sabuni yenu tunaiita Ng'ala."

"Ng'a-ra," nikamwambia. Ilitoka yenyewe.

"Hiyo si ndiyo imekataliwa?" akasema kwa heshima zote. "Ya kwetu bado."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Ng'ala si neno. Kwenye kamusi halimo, halielezi sifa ya kitu chochote, halina maana kwa mtu yeyote isipokuwa sabuni ya mke wangu. Na kila mtu kuanzia hapa hadi Namanyere alikuwa akilijua. Nikamwuliza, kama mtu anayetaka tu mazungumzo, mke wangu mwenyewe anasemaje.

Binti alisita. "Mama akiwa peke yake anasema Ng'ala. Wewe ukiwepo anasema 'ile sabuni.'"

Nilicheka. Niliposhuka ngazi za stationari nilikuwa sicheki tena.

Siku iliyofuata nilikaa kwenye benchi langu na gazeti, nikasikiliza. Walikuja wateja tisa au kumi. "Hii hapa," mke wangu alisema. "Ile ya lita moja?" "Chukua ya kwenye ndoo." Mwanamke aliyekuwa akiongea na kila mpita njia, anayejua kichanga cha kila nyumba kimeota meno mangapi, hakulitaja jina la kitu alichokitengeneza kwa mikono yake hata mara moja. Alikuwa amejifunza kulizunguka, kama mtu anavyozunguka dimbwi lililo mlangoni kwake. Mimi ndiye niliyelichimba, na kwa miaka yote hiyo nilidhani nafundisha.

Nilitaka kumwomba radhi siku ileile. Nilisafisha koo, nikamwuliza kama chumvi inatosha. Alisema inatosha.

Nikarudi kwa binti tukaandika ombi jipya. NG'ALA. Kwenye nafasi ya mwenye alama nikataja jina la mke wangu. Siku chache baadaye ofisa mmoja alinipigia simu, kijana mwenye sauti ya adabu, kuuliza kama neno hilo lina maana katika lugha yoyote.

"Halina," nikasema.

"Ni la kubuni?"

"Ndiyo."

"Limebuniwa na nani, mzee?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba. Yeye alikuwa pale pale kwenye pipa, mwiko mkononi, anakoroga upande wake mmoja. "Mke wangu," nikasema, kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia. Hakugeuka, ila mwiko ulisimama kidogo kabla ya kuendelea.

Ombi likatangazwa, wenye pingamizi wakapewa muda wao, hakuna aliyejitokeza. Nilipoletewa habari kwamba cheti kimetoka, nilikwenda kukichapa kwenye karatasi ngumu nikakitia fremu. Yule aliyekuwa akiiga lebo yetu kule Chala tulimwandikia barua, akaacha. Lebo mpya zikaja na herufi kubwa. Nikajiona nimelipa, tena na riba. Cheti nilikitundika mwenyewe kibandani, nikarudi nyuma hatua mbili kukitazama.

Hapo akaja mama mgeni aliyepanda kutoka Mtowisa, bado ana vumbi la bonde kwenye kitenge. Alikuwa amesikia habari za sabuni inayotoa ugali wa ulezi. Akachukua chupa, akaigeuza, na nadhani kusoma hakujui.

"Mama, hii wanaiitaje? Nikamwambie mwenzangu."

Mke wangu akafungua mdomo. Kisha, kabla ya kusema, akanitazama mimi.

Nilijaribu kuweka uso wa mtu asiyesikiliza, na ninaamini nilishindwa vibaya.

"Ng'ala," akasema taratibu. Kisha haraka haraka, akionyesha cheti ukutani, akamwambia yule mgeni, ingawa macho yalikuwa kwangu: "Ndivyo serikali walivyoiandika."

Mimi sikuwa nimesema kitu.