Betri Inayopimwa Siku ya Saba

Katika duka moja la vipuri hapa Garissa nilimkuta mzee wa Tarbaj akichagua kifaa cha kubebeka cha kuwashia gari lililoishiwa betri. Pikapu yake ndiyo gari pekee kijijini kwao, na binti yake alikuwa karibu kujifungua.

Muuzaji alimwonyesha viwili: kikubwa chenye taa na king'ora, na kidogo kisicho na pambo lolote. Bila kuombwa, nilijitambulisha kuwa mwalimu wa hesabu, nikasoma vibandiko, nikapiga hesabu na kutangaza kwamba kikubwa kina nguvu mara mbili.

"Leo imeshiba, mwalimu," mzee akanijibu. "Ngamia mimi siangalii siku imekunywa maji. Naangalia siku ya saba."

Akaweka kiganja juu ya kila kifaa. "Jaza stima hii mbili, kisha weka hapa. Mtu asiguse. Tarbaj hakuna stima ya kujaza kila siku."

"Adeer, mzee wangu, hii ni duka, si malisho!" muuzaji akacheka, lakini akakubali.

Siku ya saba nilirudi kwa udadisi mtupu, nikamkuta mzee ameegesha pikapu yake mlangoni. Muuzaji alichomoa betri ya pikapu, akaunganisha kifaa kikubwa. Taa iliwaka, king'ora kikalia, injini ikakohoa mara moja na kunyamaza. Kile kidogo kiliiwasha papo hapo.

Nimeirudia hesabu yangu nyumbani, wala sioni kosa. Nilihesabu nguvu za siku ya kwanza, ilhali hakuna ajuaye binti yule atashikwa na uchungu siku gani.