Gauni Lililokatwa kwa Mwili Mwingine

Alhamisi mchana, gauni likiwa limebakiza zipu tu, fundi alizungusha futi ya kupimia kwenye kiuno cha gauni lile kwa mazoea, jinsi mtu anavyopapasa mfuko kuona kama funguo zipo. Akasoma namba. Akaisoma tena. Akapima kifua, akapima nyonga, akapima mgongo kutoka bega hadi bega, na kila namba iliyotoka aliifahamu vizuri sana. Zilikuwa namba zake mwenyewe.

Gauni lilikuwa la mdogo wake, aliyekuwa anafunga ndoa Jumamosi, na mdogo wake ni mwanamke wa nafasi: mabega yamejaa, nyonga zimejaa, akiingia mlangoni mlango unajua. Fundi mwenyewe ni mwembamba kiasi kwamba akina mama wa kanisani humtania asivae nguo ya mistari ya wima, watashindwa kumwona. Miili hiyo miwili hakuna mtu anayeweza kuichanganya, sembuse mwanamke aliyemshonea mdogo wake sare za shule tangu darasa la kwanza.

Tena huyu hakuwa fundi wa kubahatisha. Vipimo vya wateja wake wote vilikaa kichwani, havijawahi kumtoka. Vya mdogo wake angeweza kuvitaja hata akiamshwa usingizini. Lakini siku ile ya kukata, alipotandaza lesi mezani na kushika mkasi, mkono ulikwenda wenyewe. Alikumbuka sasa kwamba alikata huku anaimba, na kwamba muda wote ule alikuwa na raha ya ajabu.

Alikaa kwenye kigoda akaliangalia gauni. Akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukamtia aibu mpaka masikio yakapata moto.

Lazima niseme mtu huyu alikuwa nani kanisani kwao, maana bila hivyo utadhani ni aibu ndogo. Yeye ndiye aliyekuwa akiitwa kwenye kila furaha. Mtu akipata mtoto, akipata kazi, akihamia nyumba mpya, fundi anafika wa kwanza, amejifunga khanga kiunoni, anafagia uwanja kabla wenye uwanja hawajaamka. Lile neno la mtume la kufurahi na wanaofurahi alilishika kama amri. Kwenye kikundi cha akina mama alikuwa akiwaambia wazi: kulia na anayelia si kazi kubwa, maana msiba wa mwenzako haukuonyeshi kitu ulichokosa wewe. Kazi ni kufurahi naye. Hapo ndipo Mungu anapokupima. Akina mama wakaitikia amina, wengine wakitazama chini.

Alisema hivyo kwa sababu alijua. Alikuwa anaikaribia arobaini. Baba yao alipofariki, yeye aliacha shule akakalia cherehani ili mdogo wake asiiache, na miaka ikapita hapo hapo kwenye kigoda, wachumba nao wakapita barabarani bila kugeuza shingo. Mdogo wake alipokuja na habari za uchumba, fundi aliruka, akamkumbatia, akamwaga chai ya watu. Asubuhi iliyofuata alipiga magoti kando ya cherehani akamwomba Mungu furaha kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, ya kupikia siku hiyo tu. Akapewa. Kesho yake akaomba tena. Alikwenda hivyo kwa miezi, anaomba asubuhi, anatumia mchana, jioni hana kitu, na alidhani anamudu.

Sasa gauni ndilo hili, na kitambaa kimekwisha. Lesi ile alikuja nayo mama mzaa bwana harusi kutoka safari ya mbali, na alipoikabidhi alisema kwa msisitizo kwamba aliipata ya mwisho dukani. Mishono ilikuwa imekwisha kupunguzwa na kupigwa ovaloki, hakuna pa kuachia hata upana wa kidole. Na mbaya zaidi, mchana huo huo bibi harusi na mama mkwe wake walikuwa wanakuja kulijaribu.

Fundi aliinuka, akafunga mlango wa duka, akaweka komeo. Kisha akachomeka pasi.

Wazo lilikuwa limekuja limeshavaa viatu. Pasi ikishika lesi dakika moja, basi. Fundi gani hajawahi kuunguza nguo? Watu watasikitika, watamwambia pole, watakodi gauni lingine mjini, na hakuna atakayejua lilikatwa kwa mwili wa nani. Akatandaza kifua cha gauni mezani. Akalowesha kidole, akagusa pasi, ikatoa sauti ya chii. Na kwa mara ya kwanza tangu uchumba ule uanze alijisikia akizungumza na Mungu bila kuremba maneno. Sina, alisema. Sina furaha yoyote. Nampenda, lakini sina. Akashusha pasi mpaka mvuke wa moto ukamrudia vidoleni.

"Dada! Mbona umefunga?"

Aliinua pasi. Kama mdogo wake angechelewa, mimi nisingekuwa na la kusimulia isipokuwa ajali ya pasi, na pengine fundi angeishi na ajali hiyo mpaka anaingia kaburini. Lakini alibisha hodi, na mkono wa fundi, ambao ulikuwa umemsaliti mara moja, safari hii ukachomoa waya ukutani. Akaenda kufungua.

"Nimemwacha mama mkwe kwa fundi viatu, kisigino kimeng'oka," alisema mdogo wake, akiingia kwa kasi, anahema, mashavu yanang'aa. "Haraka kabla hajaja, nataka nilione mimi kwanza. Liko wapi gauni langu, bwana wangu wa pili?"

"Mdogo wangu, subiri kidogo..."

Nani asubiri? Alikwishavua blauzi. Akaingiza kichwa, akaingiza mikono, na gauni likakwama mabegani. Akavuta. Uzi ukalia. Akasimama amenyoosha mikono juu, uso umefunikwa na lesi, na sauti ikatoka humo ndani.

"Mbona linanibana? Dada, mbona linanibana?"

Fundi alimvua taratibu. Mdogo wake akalishika gauni kwa mabega, akalinyoosha mbele yake, akaliangalia kiuno, akamwangalia dada yake, akaliangalia tena gauni. Msichana huyu amekulia kwenye vitambaa. Hakuhitaji futi.

"Hili ni lako," alisema polepole.

Fundi akajaribu kujitia hamnazo, ulimi ukakataa. "Ndiyo. Nimekata vipimo vyangu. Sikukusudia, Mungu anajua. Nimeona leo."

"Unanionea wivu?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya chai."

Mdogo wake alikaa juu ya meza ya kukatia, bila blauzi, gauni mapajani. "Kumbe shangwe zote zile ulikuwa unaigiza. Mimi nakwenda kazini naringa, dada yangu amefurahi kuliko hata mimi. Kumbe unaigiza!"

"Sikuigiza. Nilikuwa naiomba kila asubuhi. Nilikuwa napewa ya siku moja moja."

"Ungeniambia! Mimi si wa kukuchekea. Ungeniambia tukalia wote, halafu ukanishonea gauni langu!"

Hapo mlango ukagongwa, na kabla ya mtu kuitikia, mama mkwe akaingia na kiatu kimoja mkononi. Alikuwa mama wa makamo, mzee wa kanisa kwao, mwenye macho ya kukagua. Aliwaangalia wale wawili. Aliliangalia gauni.

"Haya, kuna nini?"

Mdogo wake fundi akashuka mezani, akatabasamu kwa nguvu. "Ni mimi, mama. Nimenenepa. Haliingii."

Alisema hivyo kumfunika dada yake, hasira zote zile bado ziko usoni. Fundi alipoona vile alitaka ardhi ipasuke. Lakini mama mkwe hakucheka. Macho yakashuka yakasimama kwenye tumbo la bibi harusi, yakakaa hapo.

"Umenenepa," alisema. "Kwa muda huu mfupi. Mwanangu, mwanamke hanenepi hivi hivi tu kabla ya harusi. Kama kuna jambo, afadhali nilisikie leo kuliko kulisikia kwa watu."

"Hakuna jambo, mama."

"Mwanangu anajua?"

"Nimesema hakuna!"

"Basi gauni limesinyaa?"

Mdogo wake angeweza kugeuka akamnyooshea kidole dada yake, na angekuwa na haki. Hakugeuka. Alisimama pale akiwa amejifunika kifua kwa blauzi, jina lake zuri linachujuka mbele ya mama mkwe, na bado hakumtaja dada yake.

Fundi akapiga moyo konde. "Mama, huyu hakunenepa. Nimpime mbele yako, namba ni zile zile. Mimi ndiye niliyelikata dogo. Nimelikata kwa mwili wangu."

"Kwa bahati mbaya?"

Neno lilikuwa limeletwa kwenye sahani, ni kulichukua tu. "Kwa wivu," alisema fundi. "Mkono ulikwenda, lakini ulikuwa unajua unakokwenda. Nilitaka liwe langu. Na kama asingebisha hodi, ningeliunguza ili msijue. Pasi hiyo hapo, iguse."

Mama mkwe, maskini, akaigusa kweli. Akaondoa kidole haraka. Alivuta kiti akakaa, kiatu mapajani, akawa anakigeuza geuza kisigino.

"Wewe si ndiye yule anayewafundisha akina mama kufurahi na wenzao?"

"Ndiye mimi."

"Na Jumamosi utafurahi?"

"Sijui, mama. Sitaki kukudanganya tena. Lakini nitashona."

Mama mkwe akashusha kiatu sakafuni. Hakusema amesamehe, wala hakuwa mtu wa kusema mambo hayo upesi. Aliuliza tu kama lesi inaweza kupona. Fundi akaeleza: atafumua pembeni, kutoka kwapani mpaka pindoni, na kutia vipande vya satini nyeupe aliyo nayo rafuni.

"Itaonekana?"

"Itaonekana."

"Basi ionekane," alisema mama mkwe. "Harusi ni ya watu, si ya lesi." Akavaa kiatu, akamgusa bibi harusi shavuni, akamwambia nisamehe mwanangu kwa nilivyokuangalia, akaondoka.

Walibaki wawili. Fundi alichukua futi akapiga magoti kumpima mdogo wake upya, na alipomzungushia mikono kwenye nyonga, alishindwa kuiondoa. Alilia pale pale, uso kwenye ubavu wa mwenziwe, kilio cha miezi yote ile. Mdogo wake alikuwa bado na hasira. Akamwekea mkono kichwani hivyo hivyo na hasira zake.

"Jumamosi usijikaze kisabuni," alisema. "Ukitaka kununa, nuna. Ila kaa mstari wa mbele, nikigeuka nikuone."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Kisha wakachukua wembe mmoja mmoja, mmoja upande huu, mwingine upande ule, wakaanza kufumua.

Jumamosi kanisa lilijaa mpaka barazani. Bibi harusi alipoingia, satini ile ilionekana kila alipopiga hatua, mistari miwili mipana isiyofanana na lesi hata kidogo, na watu wakageuka. Fundi alikuwa mstari wa mbele. Asubuhi hakuwa ameomba apewe furaha, alikuwa amemwambia Mungu tu kwamba anakwenda. Alianza kulia mdogo wake akiwa bado mlangoni, kwa sauti, bila kujificha, na katikati ya kulia akajikuta anacheka, kwa jinsi yule mtoto aliyemfunga viatu vya shule anavyotembea sasa amejaa gauni lake lote.

Mama aliyekaa kando yake akageuka na wasiwasi, akamshika mkono. "Fundi, vipi? Ni furaha au ni uchungu?"

"Vyote viwili," alisema fundi. "Sogeza kichwa nimwone."