Kelele Alizozitunga Sesilia

Sesilia Marselino Nandonde ni binti wa Marselino aliyechonga mlango wa kanisa la kwao Masasi bila kupiga mstari hata mmoja, na mjukuu wa Sesilia wa kwanza, aliyevuka Ruvuma na watoto wanne na cherehani kichwani. Yeye mwenyewe amefufua redio ambazo mafundi wanaume watatu wa Kariakoo walizikatia tamaa. Alipanga kwangu Mtoni, chumba cha mbele. Mie nimeishia darasa la nne, lakini haya niliyaona kwa macho yangu.

Mwaka tisini na nne aliunda redio ya mawasiliano ya zahanati moja huko Madale. Nesi Kokuberwa aliitumia kuita gari kila mama akishindwa kujifungua. Redio ikaanza kutangatanga, inahama masafa yake na kuingilia mawasiliano ya wengine. Mkaguzi wa masafa akatoa siku saba: isipotulia, inafungwa. Mama wa Madale angeitiwa gari kwa kitu gani? Kwa filimbi?

Sesilia akaileta nyumbani. Alinieleza hivi: ndani mna kristali inayopiga mapigo sawasawa, na kuna kitoa mawimbi kinachoifuata. Sakiti inavifunga pamoja. Mfuasi akichelewa anavutwa, akitangulia anarudishwa. Naye aliiga sakiti hiyo yote kwa hesabu, ndani ya kompyuta yake ya mtumba, aone mapigo yatatetemeka kiasi gani. Hesabu ikasema kidogo sana. Mshale wa kipimo kwenye redio yenyewe ukasema mara kumi ya hapo.

Siku tatu hakula vizuri. Nikamuuliza, "Sesi, unasumbuliwa na nini?"

"Kelele, Mama Zuena. Kelele tu ndizo zinaniharibia."

Mie hilo nalimudu. Nikatoka uani. Yuliana, mpangaji wa nyuma, alikuwa anatwanga kisamvu, kinu kimeegemea ukuta wa chumba cha Sesilia. Nikamwambia aweke mchi chini. Waliokuwa wanasikiliza taarabu nikawazimia kaseti yao. Nyumba ikawa kimya kama ina msiba.

Haikupita muda Sesilia akatoka macho yamemtoka. "Imetulia! Nani kaigusa redio?"

"Hakuna aliyeigusa. Umesema kelele, nimezizima."

Akacheka mpaka akakaa kizingitini. "Mama yangu, kelele yangu si ya masikioni! Ni uchafu mdogo mdogo wa umeme, hauna mpango. Hata huo naiambia kompyuta iutunge."

"Unatunga kelele? Umepanga Mtoni, nyumba imejaa kelele za bure, halafu unatunga?"

Yuliana akadakia, "Jamani mafundi, nitwange, au leo mtakula kisamvu na vijiti vyake?"

Sesilia akageuka, akautazama mshale wa kipimo kule ndani. Kisha akasimama. "Twanga."

Mchi ukashuka, mshale ukaruka. "Acha." Mshale ukatulia. "Twanga tena, dada, kwa nguvu!" Ukaruka.

Alipofungua redio akakuta koili ya kitoa mawimbi, waya uliozungushwa kama springi, haikushikwa na kitu. Ukuta ukitikisika, nayo inatikisika, na mapigo yanayumba. Na kule Madale jenereta ilikuwa inanguruma nyuma ya ukuta uleule wenye meza ya redio!

Fundi mwingine angepaka nta palepale aondoke. Sesilia alirudi kwenye kompyuta, akaongeza mtikisiko wa mchi juu ya kelele zake za kutunga. Hesabu ikatoa mara kumi, sawa na kipimo. Akaupunguza mtikisiko huo kana kwamba koili imegandishwa, akafanya vilevile kwa mtikisiko wa jenereta, akaandika majibu mawili kwenye karatasi. Ndipo akayeyusha nta, akaimwagia koili, akaweka sponji chini ya redio. Yuliana akatwanga tena; kipimo kikasoma jibu la mchi alilokwisha kuliandika. Nilikuwepo.

Siku ya saba tulikwenda Madale. Mkaguzi akataka jenereta izimwe ili apime vizuri.

"Hapana, mzee wangu," Sesilia akasema. "Iwake. Wagonjwa hawangoji jenereta ilale."

Ikawaka. Mkaguzi akapima mara mbili, akapata jibu lile la pili la karatasi, akatia saini, akauliza nani kaiunda. Nikamwonyesha kwa kidole, maana mwenyewe alikuwa ameshainama kufunga skrubu.

Kokuberwa alitaka kumkumbatia. Sesilia akampa daftari jipya na kalamu.

"Nesi, hii kazi ni yako sasa. Ikiyumba hata kidogo, andika saa, na uandike ni kitu gani kilikuwa kinanguruma karibu. Usiandike 'kelele' peke yake. Andika jina lake."

Kokuberwa akafungua ukurasa wa kwanza, akaandika tarehe.