Kitenge cha Kichakani

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, watalii waliokuwa njiani kwenda kutazama wanyama walipenda kushukia kwetu Oli, pembezoni mwa Arua. Waliyapenda mawe ya mto wetu. Sisi tulifulia nguo juu yake kila siku na hatukujua yana uzuri gani, lakini mgeni ni mgeni. Baba ndiye aliyewaongoza, akiwabebea kikapu cha chakula.

Mto ulikuwa na sheria moja. Wanawake wakioga, kitenge kinatandazwa juu ya kichaka mwanzo wa njia. Mwanamume akikiona, hata awe askari mwenye bunduki, anageuka.

Jumapili hiyo nilikuwa majini na nyanya, mzazi wa mama, aliyetoka Kuluba kuja kukaa nasi. Kwetu mkwe haguswi hata kwa macho. Baba hakuwahi kula mbele yake wala kumtazama usoni. Wakikutana njiani, baba aliingia majanini mpaka apite. Sasa mtalii mmoja, mama mnene mwenye kicheko, akakiona kitenge chetu, akakipenda, akajifunga apigwe picha. Baba alikuwa nyuma na kikapu chake. Alipofika, kichaka kilikuwa kitupu. Akapita.

Nyanya alikuwa amesimama, maji magotini, akijisugua mgongo. Baba alimwona mzima mzima. Kikapu kikamwanguka, mikate ikaelea. Nilitamani mto unimeze, na yule mtalii alikuwa akicheka mbele yetu, kamera ya mwenzake imemwelekea.

Nyanya alirudi Kuluba jioni ile ile bila kuaga. Mama akaacha kusema na baba. Sahani yake aliisukuma kwa mguu. Wazee wakataka mbuzi. Baba alimpeleka Kuluba mwenyewe, akakaa chini nje ya boma, kichwa ameinamisha, mpaka damu ikamwagwa na maneno yakasemwa. Yakaisha. Nyanya akarudi kwetu, na mama akaanza tena kumtania baba kwamba miguu yake ina macho kuliko kichwa.

Kisha yule mtalii akarudi. Alikuwa na roho nzuri, ndiyo inayoniudhi. Alimletea baba zawadi ndani ya bahasha, na zawadi ya mgeni haikataliwi. Baba akaipokea kwa mikono miwili, akasema asante, akaitazama kabla hajajua ni nini. Mgeni mbele, anacheka. Nyuma yake nyanya, kama alivyozaliwa.

Mama alimnyang'anya ile picha, akaingia nayo ndani. Nikamfuata. Nyanya alinyoosha mkono bila kuuliza, akaitazama muda mrefu. Aibu iliniunguza mwili mzima, na mpaka leo haijaniisha, ingawa hakuna nililokosa. Nyanya akaanza kukunja mkeka wake.

"Mama, kaa," mama alimsihi. "Sisi nitaleta mbuzi ingine."

"Mbuzi ile ilisafisha macho ya bwana yako. Ile ilikuwa mutu moja. Huko kwa ile mugeni, watu ngapi iko naangalia mimi sasa? Utachinjia nani?"

Mama akaubeba mkeka, wakatokea mlango wa nyuma kuifuata barabara ya Koboko. Nyanya hakuja tena Oli mpaka alipokufa.

Mgeni alikuwa bado uani, akingoja tufurahi. Baba akamwambia asante mara ya pili.