Mgonjwa Hasahihishwi: Kaseti Zangu za Kufundishia Kiswahili Dodoma

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla mlinzi hajafungua geti. Nyie vijana mtacheka, lakini usingizi wenyewe haukuja kwa raha! Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nimepangiwa kituo cha lugha hapa Dodoma, kilichokuwa kinawafundisha wageni Kiswahili kabla hawajaenda kazini: madaktari, mapadri, wataalamu wa visima. Nilitoka Area D kwa miguu, upepo ukanipiga vumbi hadi kwenye kope, nikafika nimekuwa mwekundu kama tofali. Sikujali hata kidogo.

Aliyenipokea ni Mkuu wa Taaluma, mzee wa Tanga, shati limenyooshwa, miwani kwenye ncha ya pua. Nikamwamkia. "Marahaba, binti," akasema, akanikabidhi kitabu chenye jalada la kijani. "Kila kitu kimo humu. Ukitoka nje ya kitabu hiki umepotea, na mwanafunzi wako umempoteza."

Nikakifungua pale pale. Somo la kwanza: *Kalamu i wapi? Kalamu i juu ya meza.* Loo! Tangu nizaliwe hakuna aliyeniuliza kalamu i wapi. Nyumbani kwetu utasikia, "Nani kabeba peni yangu?" tena kwa ukali. Lakini mimi nilikuwa mgeni kazini, nikafunga mdomo.

Tulifundisha kwa mazoezi ya kubadili. Mwalimu anasema sentensi, mwanafunzi anairudia huku amebadilisha neno moja: nasoma kitabu, nasoma barua, nasoma gazeti. Asubuhi mpaka mchana, darasa zima linaitikia kwa pamoja. Siwezi kuyabeza mazoezi hayo, maana yanalainisha ulimi. Ila mwanafunzi wangu alikuwa anaongea vizuri na mimi, na mimi tu. Nikimpeleka Soko la Majengo anunue nyanya, anarudi mikono mitupu, macho yamemtoka, anasema, "Mwalimu, wale wanaongea lugha gani?"

Katika mwaka wangu wa pili alikuja Daktari Anika, mgeni kutoka Ulaya, mwembamba, mcheshi, bongo linalochemka. Kitabu cha kijani alikimeza chote kwa miezi mitatu, akawa wa kwanza kwenye mtihani. Mkuu wa Taaluma alimtangaza mbele ya wote, mwenyewe akitabasamu, jambo tuliloliona kwa nadra. Basi akapelekwa kwenye zahanati moja nje ya mji kwa majaribio, siku mbili kwa wiki.

Siku ya pili ya majaribio alirudi darasani mchana akicheka. "Mwalimu, leo nimepata kichekesho! Mama mmoja ameleta mtoto wa mwaka mmoja, anasema mtoto anaendesha tangu jana. Nikamuuliza, anaendesha nini, gari?"

Wanafunzi wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. "Halafu akasemaje?"

"Akasema anaendesha maji. Nikafikiri labda baba yake ana gari la maji. Nikampima mtoto joto, hana homa. Nikamwambia mama, una mtoto mzuri. Akaondoka."

Chaki ilinitoka mkononi. "Anika! Mtoto akiendesha maana yake anaharisha! Anaharisha maji matupu!"

Sijasahau uso wake. Neno kuharisha alikuwa analijua, liko somo la kumi na tisa. Lakini akina mama wa hapa, kwa adabu, hawalitaji waziwazi mbele ya mgeni. Husema anaendesha, na kila mtu anaelewa. Kila mtu isipokuwa aliyefundishwa na mimi.

Tulirudi mbio kwenye pikapu ya kituo hadi zahanati, tukasoma daftari la wagonjwa: Sara, mwaka mmoja, Nzuguni. Wakati huo Nzuguni nyumba zilikuwa za kuhesabu, si kama leo, tukauliza mlango kwa mlango hadi tukampata mama yake amekaa kivulini ukutani, mtoto mapajani. Macho ya mtoto yameingia ndani, midomo imekauka, hata kulia halii. Anika alimpokea, akaanza kumnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko ndani ya gari hadi hospitali, huku machozi yanamtiririka. Mtoto akawekewa dripu. Siku ya tatu Sara alilia kudai ugali, na mimi nikapiga vigelegele wodini hadi muuguzi akanifukuza!

Pale wodini ndipo nilipomuuliza Mama Sara swali lililonikaa rohoni. "Mwenzangu, mbona hukurudia kumwambia? Mbona uliondoka tu?"

Aliangalia chini, akachezea ncha ya khanga. "Niliona aibu, Dada. Sisi Kiswahili tumekikuta shuleni, nyumbani ni Kigogo, na shule yenyewe nimeishia darasa la tatu. Daktari alipocheka nikajua mimi ndiye nimekosea kusema."

Jamani, niliumia. Mwanamke kasema Kiswahili safi kabisa, mtoto wake nusura afe, na anajilaumu yeye! Nilitoka nje nikalia nyuma ya wodi. Nilipomaliza kulia nikajiapia kwamba mtu wa aina ya Mama Sara akifungua mdomo mbele ya mwanafunzi wangu, atasikika. Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu, kitabu kikitaka kisitake.

Anika alikuwa ameshafunga sanduku. "Daktari asiyewasikia wagonjwa si daktari," akaniambia. "Narudi kwetu."

"Nipe wiki sita," nikamwambia. "Ukishindwa nitakusindikiza mimi mwenyewe hadi uwanja wa ndege."

Niliazima redio ya kaseti kwa kaka yangu, ile ya kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja ili irekodi. Nikaenda Nzuguni kwa Mama Sara. Nikamweleza ninachotaka na kwa nini, maana sauti ya mtu ni mali yake, huichukui bila kumwomba. Akaziba mdomo kwa mkono. "Nisemeje mimi? Mimi si mwalimu."

"Simulia kama unamsimulia jirani yako siku uliyoumwa."

Alianza kwa woga, kisha weee! Kichwa kinagonga, mwili unawaka moto, tumbo linanyonga, miguu imekufa ganzi, na miezi miwili sijaziona siku zangu. Upande mzima wa kaseti ukajaa. Mimi nimekaa kwenye kigoda nimeshika kikapu cha karanga, sikuonja hata moja. Nilijiona kama mtu aliyechimba kisima mwaka wa ukame akasikia maji!

Siku hizi wataalamu wanaziita matini halisi, yaani maneno ambayo wenye lugha wameyasema au kuyaandika wao kwa wao, bila kumfikiria mgeni. Sikulijua jina hilo wakati huo. Nilijua tu kwamba Anika alisikiliza kaseti ile mara kumi, mara ya kwanza akaambulia maneno matano, mara ya kumi akaanza kumwiga Mama Sara mpaka miguno yake.

Unukuzi, yaani kuandika kila kinachosikika kama kilivyosikika, niliufanya kwa mkono, kurasa kumi na moja. Kwa furaha zangu nikampelekea Mkuu wa Taaluma. Alizirudisha kesho yake zimejaa wino mwekundu! Penye *tumbo linanyonga* ameandika *nina maumivu ya tumbo*. Penye *balabala*, maana wenyeji wetu wengi hawana R kinywani, ameandika *barabara*, tena akapigia mistari miwili.

"Mzee," nikasema, "mgonjwa hasahihishwi."

Akavua miwani. "Binti, sisi tunafundisha Kiswahili sanifu. Haya ni ya mitaani. Sitaki kaseti hii darasani kwangu."

"Na mgeni akienda mitaani?"

"Nimemaliza."

Basi, nikawa nafundishia kaseti uani, karibu na tangi la maji, wakati wa mapumziko. Wiki ya tano ikawa inakatika. Anika alikuwa anasikia vizuri, lakini zahanati ilikuwa inasubiri barua ya kumruhusu arudi kazini, yenye sahihi ya Mkuu wa Taaluma, na mzee aliapa hasaini kwa mwanafunzi wa kaseti.

Halafu likaja boksi. Vitabu vya kijani vilikuwa vimechapishwa upya, mzee akainama kuliinua boksi peke yake kwa mapenzi yake. Tukasikia ukelele kutoka stoo: "Mama yangu wee! Kiuno kinakatika! Mguu wote unawaka moto!"

Anika alifika kabla yetu. Akapiga magoti. "Pole sana, Mzee. Moto unashuka mpaka kwenye unyayo, au unaishia gotini?"

"Unashuka, mwanangu, unashuka!"

"Na ganzi, unaisikia?"

"Ninaisikia vidoleni!"

Akamlaza ubavu, akamwekea mto, akampa maelekezo kwa Kiswahili kilekile cha Nzuguni, na mzee anaitikia kila neno. Mkuu wa Kituo, mama mmoja mpole aliyekuwa bosi wetu sote, alisimama mlangoni anaangalia. Maumivu yalipotulia akauliza taratibu, "Mkuu wa Taaluma, hayo uliyokuwa unasema yamo ukurasa wa ngapi?"

Mzee akaanza kucheka, kila akicheka kiuno kinamuuma, analia na kucheka. Barua aliisaini akiwa bado amelala sakafuni. "Lete hizo kaseti darasani," akaniambia, "lakini sarufi nafundisha mimi." Nikamwambia, "Ndiyo, Mzee," na tangu siku ile tulifanya kazi pamoja kwa heshima mpaka alipostaafu. Tena alikuwa sahihi. Sarufi bila sauti haimwongozi mgeni mtaani, na sauti bila sarufi inamwacha anarudia rudia kama kasuku.

Kuanzia hapo nilikuwa kama nimepewa mbawa. Mnada wa Msalato nilirekodi wauza mbuzi wakishindana bei. Redioni nilikamata matangazo ya vifo, maana hakuna somo la ukoo linaloshinda tangazo la kifo: shemeji, mkaza mwana, baba mkubwa, binamu, wote wanatajwa na wote wanapaswa kupata habari. Wanafunzi waliopangiwa ofisini niliwaletea vikao vya Bunge, wakawa wanaombana taarifa wakati wa chai, "Mheshimiwa Spika, mzungumzaji amemaliza sukari!" Gazeti lililofungia maandazi nililikunjua, nikalipiga pasi, likawa somo. Mume wangu alikuwa anasema nyumba yetu siku moja itazikwa na karatasi.

Nilihamishiwa Mpwapwa kwa miaka minne kuwaandaa wauguzi, na huko niligundua kwamba hata Watanzania wenzetu wa mikoa mingine, walipoletwa vijijini kwetu, walikuwa wanapotea njia ileile. Nikawa nawarekodi wazee wakisalimia kwa mbukwa, salamu ya Kigogo, nawafundisha wauguzi kuitikia. Niliporudi Dodoma, Mkuu wa Kituo mpya alitaka kaseti zifungiwe kabatini, ziwe za kituo chetu tu. Nilimwambia wazi, "Bosi, wenye sauti hizi walizitoa ili wagonjwa wasikike, hawakusema wagonjwa wa kituo chetu." Alinuna wiki nzima. Kisha akakubali nimtolee nakala yeyote mwenye kufundisha, mradi wenye sauti wameridhia. Nilirudi tena kwa kila mmoja kumuuliza. Aliyekataa nilimfutia, na sikumlaumu.

Sasa nimestaafu. Kaseti zote zimehamishiwa kwenye simu, na tuna grupu la walimu, wauguzi na madaktari, mtu anauliza neno asubuhi, kufika mchana ameshatumiwa sauti kutoka pembe tatu za mkoa. Vijana, hamjui utajiri mlioshika mkononi! Mimi nilibeba redio kichwani hadi Ihumwa kwa dakika kumi za bibi mmoja. Nyie mnabonyeza tu. Msikilize basi, na mkipata kitu kizuri msikikalie.

Wiki iliyopita iliingia sauti ya nesi mmoja mgeni, miezi minne tu tangu afike nchini. Nikaisikiliza nikiwa nachambua mlenda, nikasimama, sufuria nusura niimwage. Nikapanda bajaji moja kwa moja hadi Nzuguni.

Mama Sara sasa ana mvi, na Sara mwenyewe ana watoto wawili. Nikamwekea simu sikioni. Nesi anasema taratibu: "Shikamoo, Mwalimu. Jana mama mjamzito alikuja peke yake, akasema mtoto hachezi tangu asubuhi. Akataka kuondoka, akasema labda si kitu. Nilikuwa nimemsikia Mama Sara akisema maneno hayo kwenye rekodi, nikajua ni mtoto wa tumboni. Nikampeleka hospitali saa ileile. Amejifungua. Wote wazima."

Mama Sara alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Rudia." Nikarudia. "Tena." Nikarudia mara ya tatu. Alikuwa anatabasamu huku machozi yanamdondoka kidevuni, wala hakuyafuta.

"Hapa unabonyeza wapi ili usikike?" akaniuliza.

Nikamwonyesha. Akakaa sawa, akajifunga khanga vizuri kana kwamba nesi anamwona, akakohoa kidogo.

"Nesi," akasema, "chukua kalamu uandike. Yapo mengine."