Kichwa Kilichosema Hapana

Zdravka Mineva aliwajua wateja wake kwa viatu. Duka lake lilikuwa chini ya ardhi, katika stoo ya zamani ya makaa chini ya jengo moja katikati ya Sofia, na dirisha lake lilifungukia usawa wa barabara, pale watu wanapokanyaga. Aliyetaka sigara, bia, mkate au mbegu za alizeti ilimbidi achuchumae. Ndiyo maana maduka ya namna ile watu waliyaita klek, yaani chuchumaa, na hata wakubwa walipoishiwa sigara walikunja magoti kama watu wengine. Mwenyewe alisimama kule chini, shingo imeelekea juu, miaka kumi na minne sasa. Duka alilifungua mwaka ule kiwanda cha nyuzi alikofanya kazi kilipofungwa na wafanyakazi wakaambiwa waende nyumbani. Siku ile nayo hakuna aliyemwuliza maoni.

Barua aliikuta Jumatatu asubuhi, imebandikwa mlangoni kwa gundi. Ilisema kwamba, baada ya mashauriano na wafanyabiashara wenyewe, ambapo thelathini na wanane kati ya arobaini na mmoja wamekubali, madirisha yote ya chini yatazibwa kwa matofali ili mji upendeze. Baraza lingepiga kura Alhamisi. Chini yake kulikuwa na orodha ya majina. Lake lilikuwa la tatu: Mineva, Z., amekubali.

"Nani amekubali?" alifoka, mpaka njiwa wakaruka. "Nani? Mimi?"

Mzee Spas, fundi viatu wa shimo la jirani, alitoka na kiatu mkononi na barua yake kwapani. "Hata mimi, eti nimekubali. Zdravka, mimi sijakubali kitu tangu siku ya harusi yangu."

Wakazunguka dirisha kwa dirisha. Kila walipofika walikuta mtu anatukana. Muuza maua alikuwa analia, fundi saa ameketi akiitazama barua kama cheti cha daktari. Ni Toni tu, mchonga funguo, aliyekuwa hajui acheke au akasirike. Toni alikuwa na hamu ya kufunga duka amfuate dada yake Uhispania, na mji mzima ulijua.

"Mimi wameniandika nimekataa," alisema. "Mimi! Yule mgeni aliponiuliza, nilifanya hivi mpaka shingo ikalia." Akapeleka kichwa kushoto na kulia, kushoto na kulia.

Zdravka alikumbuka sasa. Mwezi wa tano alichuchumaa dirishani kijana mrefu mwenye nywele za rangi ya majani makavu na viatu vikubwa vyeupe vya turubai, mtaalamu aliyeletwa na manispaa kutoka huko kaskazini. Alisoma swali kwenye kadi kwa lugha yao, maneno aliyoyatamka kwa shida: je, unakubali dirisha la duka lako lizibwe? Zdravka alikuwa na kreti la bia mikononi na mbegu za alizeti mdomoni. Akainua kidevu, akakishusha, mara mbili, akafyonza ulimi, kama mama yake alivyokataa mambo, na bibi yake kabla ya hapo. Kijana akatabasamu, akashukuru kwa heshima zote, akaweka alama.

Huku, kichwa kikienda juu na chini ni hapana. Kikienda kushoto na kulia ni ndiyo. Mtoto wa chekechea anajua. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, lakini Zdravka alikuwapo, aliulizwa, akajibu, na lake bado halikuwapo. Hilo ndilo lililomchoma. Kutoulizwa alikuwa amekuzoea.

Alhamisi hawakufungua. Walijaa ukumbi wa manispaa wote, na harufu zao za gundi, maua na vitunguu. Mezani, kando ya mama mwenyekiti, alikaa naibu wake, Lyudmil Karastoev, aliyeisimamia kazi yote ile na kuitia sahihi. Zdravka hakumtazama uso. Alitazama chini ya meza, akaviona viatu vya kahawia, cha kushoto kimeshonwa ubavuni kwa mkono wa Mzee Spas. Viatu vile vilisimama dirishani kwake kila asubuhi. Miguu ile aliijua tangu naibu huyo akiwa mwanafunzi wa sheria, akinunua sigara moja moja.

Alipopewa zamu alieleza yote, la kidevu na la mbegu. Boryana, binti mkalimani, akamtafsiria mtaalamu, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao kwenye kompyuta. Kijana akaiva uso kama nyanya. Akasimama, mkono kifuani, akaomba radhi.

"Kaa, mwanangu," Zdravka alimwambia. "Umetoka mbali, hukujua." Kisha akageuka. "Lakini wewe, Lyudmil? Umezaliwa mtaa wa nyuma yetu. Ulisoma kwamba watu thelathini na wanane wamekubali kuzibiwa riziki kwa matofali, na Toni eti kakataa. Toni! Na hukushtuka?"

"Mama, dakika zako mbili zimekwisha."

"Leo mimi ni mama? Jana nilikuwa shangazi."

"Shangazi Zdravka, taratibu ni taratibu. Muda wa pingamizi ulipita tarehe kumi."

"Ningepingaje kitu nilichokwisha kukikubali bila habari yangu?" Ukumbi ukaguna. Zdravka akapandisha sauti. "Nijibu moja tu, nikae. Ulijua?"

Mdomo wa Karastoev ukasema, "Kamati ilitegemea takwimu ilizoletewa." Lakini kichwa chake kikaenda kushoto, kikaenda kulia, taratibu, kama kilivyofundishwa kabla hakijaota meno. Ukumbi mzima ukaona.

"Kichwa hakikusomea sheria!" Mzee Spas alipiga kelele.

Watu wakainuka. Katikati ya makelele Zdravka akaona vidole vya mtaalamu vinakimbia juu ya kompyuta. "Boryana, binti yangu, ameandika nini hapo?"

Boryana akainama, akasoma, akasita. "Ameandika: naibu mwenyekiti alikana."

Hapo hata waliokuwa wakilia walicheka, kicheko kibaya kama kikohozi. "Mwambie afute," Zdravka alisema. "Afute mbele yangu. Ya kwetu yalikwishaandikwa kinyume, sasa na hili?" Kijana, masikio yakimwaka, akafuta.

Mama mwenyekiti akagonga meza akaahirisha kura mpaka wafanyabiashara waulizwe upya, kwa maandishi. Wengine wakakumbatiana. Zdravka hakukumbatia mtu. Kuahirishwa si kufutwa, na matofali yalikwishanunuliwa. Aliyaona yamepangwa uani kwa manispaa alipokuwa akiingia. Kama mgeni ndiye aliyewatendea vibaya, asingeumia hivi. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa akichukua kiberiti kwake kwa mkopo.

Kesho yake saa mbili asubuhi viatu vya kahawia vilisimama dirishani.

"Shangazi, nipe ile ya kila siku."

Zdravka aliendelea kupanga mikate.

"Shangazi?"

"Huku chini sauti ya waliosimama haifiki."

Magoti yakalia, koti likagusa vumbi, na uso wa Karastoev ukatokea dirishani, mwekundu, macho yakikwepa. Zdravka alikwishaishika pakiti. Hakuitoa.

"Jana hukunijibu," alisema. "Ulijua?"

Kichwa kikaanza safari yake, kushoto, kulia.

"Kwa mdomo, Lyudmil. Vichwa vimeshatuponza."

Nyuma yake viatu vingine vilikuwa vimesimama kwenye foleni: vya muuza maua, vya Toni, na viatu vikubwa vyeupe vya turubai. Karastoev akavitupia jicho.

"Nilijua," alisema.

"Basi inuka," Zdravka alisema, akairudisha pakiti rafuni, "ukaseme hivyo kule juu." Akamfungia dirisha.