Vibati Nyuma ya Spika

Fundi redio mmoja, ambaye watu walimwita Sikio kwa kuwa aliweza kuutaja ugonjwa wa redio kabla hajaifungua, alikaa miaka mingi bila kumwonea mtu wivu. Kisha mwanyumba wake, dereva wa basi la shule aliyemwoa mdogo wa mkewe, akanunua spika mbili zinazomfika mtu kifuani.

Mke wa Sikio alikwenda kumtembelea mdogo wake, akarudi na sifa tele. Alisema alifumba macho akahisi mwimbaji yuko pale pale sebuleni. Sikio alikuwa akilehemu waya. Tone la risasi iliyoyeyuka likamdondokea gotini. Mwanamke huyu Sikio alimchumbia kwa redio aliyoiunda kwa mikono yake mwenyewe, na siku zile macho hayo yalifumbwa kwa ajili yake. Tangu hapo kila mteja aliyeleta redio inayokoroma alimwona kama ametumwa kumkebehi.

Mwezi haukuisha, dereva akaongeza amplifaya ya pili. Akawaalika mashemeji wote Jumapili mchana waje wasikie: moja ingebeba besi, nyingine sauti nyembamba. Sikio alialikwa kama mgeni tu. Kuombwa ushauri, hata kwa adabu, hakuombwa. Dereva alizunguka akionyesha waya zake, nene kama mkia wa panya buku, akieleza kwamba siri yote imo katika unene. Sikio alijua kwamba kwa hatua nne za sebule ile waya wa kawaida wa shaba ungetosha na kubaki. Alilimeza hilo pamoja na soda.

Baadaye akainuka, akajifanya anaangalia picha ukutani, akachungulia nyuma ya spika. Kila moja ilikuwa na sehemu nne za kufungia waya, mbili za juu na mbili za chini, na kati yake vibati vidogo vya shaba ambavyo spika zilitoka navyo kiwandani, vinavyounganisha juu na chini. Dereva alikuwa amefunga vizuri, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, ila vibati hakuvitoa. Zikiwashwa, amplifaya zile mbili zingesukumiana umeme zenyewe kwa zenyewe mpaka zitoe moshi.

Sikio akarudi kitini, akakaa. Nani angemlaumu? Mgeni hagusi vya wenyewe.

Dereva akanyoosha kidole kwenye swichi. Wote waliitazama ile swichi, isipokuwa mke wa Sikio, aliyemtazama mumewe.

"Umeona nini kule nyuma?" akamuuliza.

Sebule nzima ikamgeukia. Sikio akakohoa.

"Usiwashe, mwanyumba. Kuna vibati hujavitoa. Utaziunguza zote mbili."

Bisibisi ikaletwa. Akapiga magoti vumbini, akalegeza, akatoa vibati vyote vinne, akakaza upya. Dereva alipowasha, sauti ilitoka safi, kila ala imekaa mahali pake. Watu wakampongeza dereva, naye akazipokea pongezi kama bwana harusi. Mke wa Sikio akafumba macho. Sikio aliona.

Wakirudi nyumbani, walifika kwenye kona ya duka la dawa.

"Ningenyamaza," Sikio akasema. "Nilitaka ziungue."

"Najua," mkewe akajibu. "Ulivyokaa tu nilijua. Ndiyo maana nikakuuliza."

Hakumgombeza, wala hakumbembeleza. Wakaendelea kutembea.

Wivu haukumtoka. Wiki ile ile alisikia dereva anawasimulia majirani kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyevigundua vile vibati, na kwa siku tatu Sikio akawa anawajibu wateja kwa mkato. Siku ya nne mteja mmoja akamhadithia, huku akicheka, kwamba mke wa fundi alikwenda kwa mdogo wake, akamwambia dereva mbele ya majirani hao hao nani alipiga magoti nyuma ya spika na nani alikuwa anataka kuwasha.

Mkewe hakuwa amemwambia habari hiyo. Sikio alifunga kibanda chake cha redio mapema, akaenda nyumbani.